Rafiki yangu katoa diwani ya ushairi wa sauti. Niipendekezeje kwa wasomaji waliozoea vina na mizani?

Mwananzengo_Ilala

Wakuu, habari za jioni.

Rafiki yangu ametoa diwani yake ya kwanza: kurasa 64, ukubwa wa A5, mashairi 31, nakala 300 zimechapwa hapahapa Dar. Si mashairi ya vina na mizani, wala si mashairi huru ambayo ukiyasoma kimya kitandani unayaelewa. Ni ushairi wa majaribio unaoishi kwenye sauti. Lipo linalorudia silabi moja mpaka igeuke neno. Lipo lililojengwa kwa *ng* na *ng'*, lipo la *l* na *r*, na lipo lenye silabi tatu tu: *pe, ti, ndu*.

Nataka watu waisome. Nina kundi la WhatsApp la wapenda vitabu, watu kama 180, nina ukurasa wa Instagram, na duka moja la vitabu limekubali niweke kadi ya pendekezo kwenye rafu. Rasimu niliyoandika ni hii:

"Wadau, kitabu cha kipekee kabisa kimeingia mjini! Mashairi yatakayogusa moyo wako. Usikose nakala yako!"

Naona wazi kwamba haisemi kitu. Nikijaribu kueleza zaidi naishia kwenye "inabidi usikie mwenyewe". Naomba msaada: niseme nini, nioneshe shairi gani, nirekodi vipi, na je, nitaje kuwa mwandishi ni rafiki yangu au ninyamaze?

Kwa ruhusa yake naweka hapa moja. Linaitwa "Bati".

ta
ta   ta
ta  ta  ta
tata
tatatata tatatata      tatatata tatatata
tatanisha
tatiza
tatua
   tua
      tu
         tu
               tuli

Penseli_Nyekundu

Mkuu, urafiki utaje, tena kwenye sentensi ya kwanza. Kwenye kundi la watu 180 hawakosekani wanaomfahamu mwandishi. Wakigundua wenyewe, pendekezo zima litaonekana ni la kubebana. Ukishasema "huyu ni rafiki yangu", msomaji anaacha kukuchunguza wewe anaanza kuchunguza unachosema. Na urafiki unakupa kitu ambacho mhakiki hana: unaweza kumpigia simu mwandishi ukamwuliza "tuli" inasomwa kwa urefu gani.

Sasa rasimu yako. "Kipekee", "kugusa moyo" na "usikose" zinaweza kubandikwa kwenye kitabu chochote, hata cha mapishi. Kitabu kama hiki kinapendekezwa kwa kuchukua shairi moja na kuonesha linavyofanya kazi, basi. Hilo hilo uliloweka linatosha. Hebu tulifungue.

Mistari mitatu ya mwanzo haina neno. Ni matone kwenye bati. Mstari wa nne matone mawili yanagandana yanakuwa *tata*, na hapo ghafla kuna maana: jambo tata, kitata, matata. Angalia kwamba hakuna sauti mpya iliyoongezwa. Kilichobadilika ni nafasi katikati ya silabi, imeondolewa. Kisha mvua inamwagika yote, na kelele inazaa *tatanisha* na *tatiza*. Halafu *tatua*, ambalo ni kufungua fundo lakini pia ni kuchana nguo, kwa hiyo huna uhakika kama mvua imeisha kwa amani au bati limepasuka. Kutoka hapo mwandishi anakata kichwa cha neno: *tatua* inabaki *tua*. Anakata mkia: *tua* inabaki *tu*. Na *tu* kwa Kiswahili ni "peke yake" na ni "sisi tupo". Mvua imekatika, watu wamebaki chini ya bati.

Kitu cha mwisho, na hiki ndicho ningekiweka kwenye pendekezo: mistari yote 12 inaanza na *t*. *T* ni kipasuo, ulimi unaziba hewa kisha unaiachia kwa kishindo, kama tone linavyogonga. Sauti *l* haipo popote mpaka neno la mwisho, *tuli*. *L* ni kitambaza, hewa inapita pembeni ya ulimi bila kishindo chochote. Shairi linaacha kugonga linaanza kutiririka. Msomaji ambaye hajawahi kusikia neno "kitambaza" atalisikia hilo mdomoni mwake ukimwambia asome kwa sauti.

Urefu: kundini maneno 100 hadi 120, yasizidi. Instagram mistari miwili ya mwanzo ndiyo inayoonekana kabla mtu hajabonyeza kusoma zaidi, kwa hiyo usiimalize kwa salamu. Kadi ya dukani maneno 40. Kote kutatu sema pia nani hatakipenda. "Kama unasoma ushairi kwa ajili ya mawaidha, hiki si chako" ni sentensi itakayouza nakala nyingi kuliko "usikose", kwa sababu msomaji anaona humdanganyi.

Ukwapi_na_Utao

Nitasema bila kuficha. Kwangu mimi shairi lina vina na mizani, na ambalo halina naliita guni. Sheria za kutunga mashairi alizoziandika Amri Abedi mwaka 1954 bado naziona zina kazi. Kwa hiyo nilifungua uzi huu nikiwa na la kusema, kisha nikalisoma hilo "Bati" kwa vidole, mizani kwa mizani, kama ninavyosoma kila kitu.

1, 2, 3, 2. Halafu mstari wa tano. Uhesabuni. *Tatatata tatatata*, mizani 8. Pengo. *Tatatata tatatata*, mizani 8. Jumla 16, na mapumziko katikati palepale yanapotakiwa. Kina cha kati *ta*, kina cha mwisho *ta*. Huo ni mshororo kamili wa shairi, ukwapi (nusu ya kwanza) na utao (nusu ya pili) wake, umefichwa ndani ya mvua. Kisha 4, 3, 3, 2, 1, 1, 2: mshororo unafumuliwa.

Hii haikutokea kwa bahati. Mtu asiyejua arudhi, yaani kanuni za vina na mizani, angeandika *ta* kumi na mbili au ishirini, na pengo angeliweka popote. Rafiki yako anaijua sheria na ameitumia kama kilele: mvua inapokuwa kubwa kabisa ndipo inapopiga kwa kipimo cha malenga. Penseli amelifungua vizuri lakini hili limempita.

Sijabadili msimamo, bado siliiti shairi la arudhi. Lakini kwa wasomaji unaowataka wewe, waliozoea vina na mizani, huu ndio mlango. Usiwaambie "hakuna vina wala mizani". Waambie "hesabu mizani ya mstari wa tano". Mpenzi wa arudhi hawezi kupuuza mwaliko wa kuhesabu.

Na yapo mawili ya kuepuka. La kwanza, usiandike kwamba huyu ni wa kwanza kujali sauti katika ushairi wa Kiswahili. Shairi letu lilikuwa la kuimbwa kabla ya kuwa la kusomwa, na mizani inahesabiwa kwa sikio, wala si kwa herufi. *Mtu* ni mizani mbili, *nchi* ni mbili, na *mbuzi* nayo ni mbili ingawa imeanza na *m*, kwa sababu *m* ile imeshikana na *b*. Anayejua hayo ataona umedharau kazi ya waliotangulia. La pili, usifufue ule ugomvi wa vina na mashairi huru uliopamba moto baada ya *Kichomi*, diwani ya Kezilahabi, mwaka 1974. Ukiutaja tu, watu 180 watajadili ugomvi na kitabu cha rafiki yako kitasahauliwa ifikapo saa nne usiku.

Mwananzengo_Ilala

Mzee wangu, shikamoo. Nimelisoma shairi hili labda mara hamsini na sikuwahi kuhesabu mstari ule. Nimemwuliza mwandishi sasa hivi, amesema ndiyo, ni makusudi, na ule mstari unasomwa kwa pumzi moja isipokuwa kwenye pengo.

Vitamkwa_Mlimani

Marahaba kwa niaba ya mzee, maana nimemtangulia kufika. Niongeze kuhusu yale mengine uliyoyataja, kwa sababu ukiyaelezea vibaya walimu wa Kiswahili watakukamata.

*Pe, ti, ndu.* Usiyaite tanakali za sauti. Tanakali huiga mlio: *chubwi* ya kitu kuanguka majini, *kacha* ya kijiti kuvunjika. *Pe* haiigi mlio wowote, kwa sababu weupe hauna mlio. Ni kiigizi kinachotia mkazo: nyeupe *pe*, nyeusi *ti*, nyekundu *ndu*. Mwandishi ameziondoa rangi na kuacha mikia yake. Mzungumzaji wa Kiswahili akisikia *pe* anaona nyeupe hata kama haijatajwa, na mgeni aliyejifunza lugha mwaka jana hasikii kitu. Hapo kuna sentensi nzuri ya pendekezo: "Shairi la rangi tatu ambalo halitaji rangi hata moja."

*Ng* na *ng'*. Hapa hatari ni ya mkono wako mwenyewe. *Ng'* ni nazali (sauti ya puani) peke yake, *ng* ni nazali ikifuatwa na *g*. *Ng'oa* ni kuchomoa kutoka ardhini, *ngoa* ni uchu au wivu. Ukinukuu shairi hilo kwa simu na kile kikoma cha juu kikapotea, umelifuta shairi zima. Linukuu kutoka kwenye faili la mwandishi, usilichape upya.

La *l* na *r*, nadhani linachezea jozi kama *kula* na *kura*, *mahali* na *mahari*. Usiandike kwamba linacheka lafudhi za watu. Wapo wasomaji wengi ambao sauti hizo mbili kwao ni moja, na kama kitabu kinachezea tofauti hiyo si lazima kiwe kinamcheka yeyote. Mwulize mwandishi nia yake kabla hujaandika neno. Na kama wewe mwenyewe unazichanganya, shairi hilo mpe mwingine arekodi.

Kuhusu *t* ya "Bati": wasomaji wa Mombasa watakuuliza ni *t* ipi, ya meno au ya ufizi, kwa sababu Kimvita, lahaja ya huko, kinazitofautisha. Hapa Dar tuna moja. Jibu rahisi: shairi ni la hapa, linasomwa kwa *t* ya hapa, na wao wakilisoma kwa zote mbili watapata mvua ya aina mbili.

Jambo la mwisho. Kuna atakayesema "huu ni uigaji wa Ulaya", kwa kuwa amewahi kusikia habari za mshairi Hugo Ball aliyesoma mashairi ya sauti pale Cabaret Voltaire, Zurich, mwaka 1916. Tofauti ni kubwa na unaweza kuijibu kwa mstari mmoja: Ball alikuwa anakimbia maneno, aliunda sauti zisizo za lugha yoyote. "Bati" linakwenda upande wa pili, linaanza na sauti tupu na kuingia ndani ya Kiswahili. Bila kujua *tata*, *tatua* na *tua* hupati kitu.

Waya_na_Kipaza

Mimi niko kwenye kurekodi, na hapa ndipo mapendekezo ya vitabu vya namna hii yanapoharibika.

Usibonyeze kitufe cha ujumbe wa sauti cha WhatsApp ukaanza kusoma. Kwa mazungumzo kinatosha, kwa kitabu hiki hakifai, na sababu ni hizi. Simu inapodhani unaongea inasafisha sauti yenyewe. Sauti inayoendelea bila kubadilika inaihesabu kuwa kelele ya feni na kuizima, kwa hiyo shairi lenye *mmmm* ndefu litafifia baada ya sekunde chache tu. *F, s, sh* na *h* ni upepo mtupu, zinafanana na kelele, nazo zinaparuliwa. Na pakiwa kimya simu inajipandishia usikivu: baada ya "tuli" badala ya kimya utasikia feni ya jirani ikipanda polepole.

Tumia programu ya kurekodi iliyomo kwenye simu au nyingine ya bure. Kwenye mipangilio chagua WAV kama ipo, sampuli 44.1 kHz, chaneli moja. Kama kuna swichi ya kupunguza kelele, izime.

Chumba: cha kulala, chenye godoro, pazia na nguo. Piga kofi moja katikati. Ukisikia mlio ukirudi kwa ukali, ning'iniza blanketi au khanga mbili tatu nyuma yako na mbele yako. Sebule yenye vigae na dirisha la alumini haifai hata kidogo. Zima feni, zima kiyoyozi, chomoa friji kama iko karibu (weka simu ya pili ikukumbushe kuirudisha, maana hilo husahauliwa sana). Muda mzuri kwa mitaa yetu ni kati ya saa nane na saa kumi usiku, bajaji zimepungua na adhana ya alfajiri bado.

Umbali ni shibiri moja kutoka mdomoni, sentimita 20 hivi, na simu iwe pembeni ya mdomo, si mbele yake. *P* na *b* zinatoa pumzi inayogonga kipaza na kuacha mlio wa "bof". Jaribu kusema "pe" na "bati" mara tatu, usikilize kwa visikizi vya masikioni. Ukisikia upepo, zungusha simu kidogo zaidi pembeni, usiirudishe nyuma, kwa sababu ukirudi nyuma chumba kinaingia. Kilele cha sauti kiishie kama -6 dB. Programu isiyoonesha namba, hakikisha wimbi halifiki ukingoni. Likifika, *t* zote 16 za mstari wa tano zitakuwa mpasuko na hakuna namna ya kuzirekebisha baadaye.

Usomaji wa "Bati": matone ya kwanza acha sekunde mbili kati yake, yanayofuata moja, kisha nusu. Mstari wa tano ndio unaoangusha wengi. Wakiongeza kasi ulimi unachoka na *t* zinageuka *d*, unapata "tadadada". Usikimbie. Silabi tano au sita kwa sekunde inatosha kabisa, mstari mzima ni sekunde tatu. Baada ya "tuli" usizime. Hesabu tatu moyoni kisha ndipo uguse kitufe, na kwenye kuhariri usikate hizo sekunde. Ni sehemu ya shairi.

Halafu tafadhali, usiweke sauti ya mvua ya kweli nyuma. Najua mkono utakuwasha. Ukiiweka, *ta* ya kwanza haina kazi tena, msikilizaji ameshaambiwa ni mvua kabla mdomo haujamwambia.

Toa faili la MP3, 128 kbps, chaneli moja. Ni karibu MB 1 kwa dakika, wenye bando dogo hawatalalamika. WAV hiyo hiyo ni zaidi ya MB 5 kwa dakika, ihifadhi kwako. Kundini itume kama faili, si kama ujumbe wa sauti.

Forma16

Kuhusu kadi ya dukani na kitabu chenyewe.

Kurasa 64 ni forma nne za kurasa 16, vizuri, hakuna karatasi iliyopotea. Lakini kwa karatasi ya gramu 80 mgongo wa kitabu hautazidi sana milimita 3. Jina kwenye mgongo halisomeki, na kikiwekwa kwa kusimama kati ya vitabu vinene kinamezwa. Kwa hiyo kabla ya maneno ya kadi, liombe duka liweke nakala moja jalada likimtazama mteja na kadi iwe chini yake. Bila hilo hata pendekezo zuri litakuwa linaelekeza mahali patupu.

Kadi iwe na msimbo wa QR unaopeleka kwenye ile sauti. Usiupunguze chini ya sentimita 2 kwa 2, acha ukingo mweupe pande zote, mweusi juu ya mweupe. Misimbo ya rangi ya kupendeza juu ya picha ndiyo simu za bei nafuu zinashindwa kuisoma. Kiungo kisiwe cha huduma ya bure inayokwisha muda wake baada ya wiki mbili. Kielekeze kwenye ukurasa ambao mwandishi anaumiliki, ili sauti ikihamishwa abadilishe upande wake bila kuchapa kadi upya. Chini ya msimbo andika anwani kwa herufi, kwa asiye na kamera inayosoma.

Mambo ya duka: nakala zikiachwa mali kauli, andikianeni. Idadi iliyopokelewa, bei ya jalada, asilimia ya duka, na tarehe ya kuhesabu. Mfano tu: bei 15,000, duka likichukua asilimia 30, mwandishi anapata 10,500 kwa nakala. Isipoandikwa, baada ya miezi mitatu kila upande una hesabu yake. Kama kitabu hakina ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, pale Maktaba Kuu barabara ya Bibi Titi Mohamed. Aifuatilie kabla ya toleo la pili, kwa sababu namba inapaswa kuchapwa ndani.

Mbali na duka lako, jaribuni lile la TPH Mtaa wa Samora na Soma kule Mikocheni. Nakala tano tano, si hamsini. Na Vitamkwa atanisahihisha, lakini ningepeleka nakala kwa wanaofundisha fonolojia (mfumo wa sauti za lugha) pale chuo kikuu, Mlimani, kabla ya wanaofundisha fasihi.

Vitamkwa_Mlimani

Sikusahihishi. Mwanafunzi anayekariri "kipasuo, kikwamizi, kitambaza" kwa ajili ya mtihani ataelewa kwa dakika moja ya "Bati" kile ambacho jedwali halimpi.

Mwananzengo_Ilala

Nimeandika upya. Hii ni ya kundini:

"Mwandishi wa diwani hii ni rafiki yangu, nasema mapema. Mashairi 31 ya kusomwa kwa sauti, si kwa macho tu. Anzeni na 'Bati', nimeambatanisha picha na sauti. Silabi moja, *ta*, inadondoka kama tone kwenye paa, inagandana kuwa *tata*, kisha *tatua*, *tua*, *tu*. Wapenzi wa arudhi, hesabuni mizani ya mstari wa tano, kisha mniambie mmekuta nini. Wengine sikilizeni: kila mstari unaanza na *t* inayogonga, mpaka *l* ya neno la mwisho. Lipo pia shairi la rangi tatu lisilotaja rangi. Ukitafuta hadithi au mawaidha, hutayapata humu. Shairi likisomwa kimya kimya linakufa, kwa hiyo lisome mara mbili kwa mdomo, mara ya pili taratibu. Kitabu cha ajabu na cha kipekee, kurasa 64."

Penseli_Nyekundu

Hii sasa ni pendekezo. Kwenye sentensi ya mwisho futa kuanzia "cha ajabu" hadi "kipekee", weka bei na mahali kinapopatikana. Na "likisomwa kimya kimya linakufa" ni kali mno kwa mtu aliye ndani ya daladala asiyeweza kusoma kwa sauti. Sema "hata kwa kunong'ona linafanya kazi". Ni kweli pia, *t* haihitaji sauti ya koo, inasikika hata kwenye mnong'ono.

Ukwapi_na_Utao

Usiseme kwenye kundi kwamba jibu ni 16. Waache wahesabu. Wakikosea watabishana wenyewe, na mabishano hayo yatakuwa juu ya kitabu.

Waya_na_Kipaza

Kuhusu hiyo picha: usitume shairi kama maandishi ya WhatsApp. Mstari wa tano una herufi 32 na nafasi juu yake, kioo kidogo kitaukata katikati ya ukwapi, na pengo la mzee litapotea. Kibodi nayo itaweka *Ta* kubwa mwanzo wa kila mstari na kubadilisha *tu* kuwa *to* kama lugha yake ni Kiingereza. Tengeneza picha ya 1080 kwa 1350, mwandiko ambao kila herufi ina upana sawa, maandishi meusi, mandhari nyeupe. Kabla ya kutuma ifungue kwenye simu ndogo kuliko zote nyumbani. Mstari wa tano ukisomeka bila kukuza, tuma. Usiposomeka, punguza ukubwa wa herufi za shairi lote, si za mstari huo peke yake.

Forma16

Na picha hiyo iangaliwe na mwandishi kwanza. Zile nafasi kabla ya *tua*, *tu* na *tu* zinashuka kwa ngazi sawa, kisha *tuli* inaruka mbali zaidi. Ukizipanga kwa kukisia, kimya cha kabla ya "tuli" kitakuwa kifupi kuliko alichochapa kitabuni.